Gunia Mbili na Magunia Mawili: Uhakiki wa Fundisho la Majina Yasiyohesabika

Katika vitabu vya sarufi vitumiwavyo shuleni, vya Kiingereza na vya Kiswahili pia, limo fundisho moja ambalo aghalabu hupita bila kuulizwa. Husemwa ya kwamba majina ni ya namna mbili: yale ya vitu vinavyohesabika na yale ya vitu visivyohesabika. Sababu itolewayo ni kwamba vitu vya kundi la pili, kama vile maji, mchele, sukari na mchanga, kwa asili yao havina idadi, au punje zake ni ndogo mno hata mtu hawezi kuzihesabu. Mwanafunzi hukariri orodha, hujaza nafasi zilizo wazi kwa "much" au "many", kisha huendelea na somo lingine. Fundisho hilo lina kasoro mbili, wala si za uzito mmoja. Kwa upande wa Kiingereza hukumu yake ni sahihi lakini sababu yake si ya kweli. Kwa upande wa Kiswahili hata hukumu yenyewe ni ya kuazima, na kwa sababu ya kuazima huko, jambo ambalo Kiswahili hulitenda kwa utaratibu wake chenyewe limeachwa nje ya vitabu, na mahali pengine limeandikwa katika hesabu ya makosa.

Pa kulijaribu fundisho hili ni sokoni, maana huko watu huhesabu na kupima kutwa kucha, na anayekosea hulipa. Nyanda za Juu Kusini zafaa kuliko sehemu nyingi. Katika njia kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa, kwa kupitia Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga, hupita karibu kila namna ya chakula: mchele wa Kyela na wa Usangu, mahindi ya Isimani, maharage, njegere, viazi mviringo vya Uporoto, ndizi za Rungwe, na ukiisha kuipita Iringa kuelekea mashariki, nyanya na vitunguu vya Ilula. Tena wenyeji wengi wa huko, Wanyakyusa, Wasafwa, Wasangu, Wahehe, Wabena na wengineo, wana lugha zao za nyumbani, na Kiswahili ndicho wanachokutana nacho sokoni. Kiswahili hicho hakikufundishwa na kitabu, na kwa ajili hiyo hiyo kina manufaa kwa mtafiti.

Na ianzwe na Kiingereza. Mtu asimame mbele ya meza moja katika soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, atazame mafungu yaliyopangwa pale. Kiingereza huyahesabu maharage, "beans", wala hakiuhesabu mchele, "rice". Mpaka hapo sababu ya kitabu yaweza kukubaliwa, kwani harage ni kubwa kuliko punje ya mchele. Lakini karibu na hapo yako mahindi na njegere. Njegere, "peas", huhesabika. Mahindi, "maize", hayahesabiki. Ajabu ni kwamba punje ya hindi ni kubwa kama njegere au zaidi, na mtoto yeyote wa Isimani aliyepata kupukuchua mahindi anajua kwamba punje hizo zaweza kuhesabiwa moja moja mpaka mtu achoke. Hivyo ukubwa wa punje si sababu. Hata wanafunzi wa Ulaya hukutana na fumbo hilo hilo katika nafaka zao wenyewe, maana shayiri ya farasi, "oats", husemwa kwa wingi, na ngano, "wheat", husemwa kwa umoja, nazo zote mbili huvunwa na kupurwa vile vile.

Na habari ya neno "pea" yafaa kuwekwa mbele ya kila mwalimu wa Kiingereza. Zamani Waingereza walisema "pease", nalo lilikuwa jina la umoja, la kutaja chakula chote pamoja, kama wasemavyo "rice" leo. Mwisho wa neno hilo ulisikika kama alama ya wingi, na watu wakadhani kwamba ukiiondoa sauti ile ya mwisho utabakiwa na umoja. Kwa njia hiyo neno "pea" lilizaliwa, na njegere ambazo jana hazikuhesabika zikaanza kuhesabika. Mmea haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sarufi. Kadhalika neno "news", ambalo mwanafunzi wa leo hukatazwa kulipa wingi, Waingereza wa siku za Shakespeare walilitumia kwa wingi pasipo haya.

Otto Jespersen, mtaalamu wa Denmark, alilisema jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924. Alieleza ya kuwa majina ambayo yeye aliyapa neno lenye maana ya majina ya rundo ni pamoja na yale ya vitu vinavyoonekana, kama fedha na maji, na yale ya mambo yasiyoonekana, kama muziki na nafasi ya kupumzika. Na kwamba lugha moja yaweza kuhesabu kile ambacho nyingine inakiweka katika rundo. Kitu hakiamui chenyewe. Jina ndilo huamua. Bahati mbaya vitabu vya shule vilichukua orodha ya mambo haya, vikaiacha hoja.

Orodha zenyewe nazo zina historia ambayo haisemwi darasani. Alama mbili zinazotiwa leo katika kamusi za wanafunzi, ya jina lihesabikalo na ya jina lisilohesabika, zilitengenezwa na watu waliofundisha Kiingereza nchini Japani. Harold Palmer, aliyefanya kazi Tokyo hadi mwaka 1936, alilitia jambo hilo katika kitabu chake cha maneno ya Kiingereza cha mwaka 1938, na A. S. Hornby pamoja na wenzake waliliendeleza katika kamusi iliyopigwa chapa Tokyo mwaka 1942, ambayo baada ya vita, mwaka 1948, ilitolewa tena na Oxford na kuenea dunia nzima. Kijapani hakina alama ya lazima ya umoja na wingi katika jina, wala kibainishi cha namna ya "a" na "the". Mwanafunzi wa huko alihitaji kuambiwa, jina kwa jina, lipi laweza kupewa "a" na lipi haliwezi. Ilikuwa dawa njema kwa ugonjwa ule. Mwanafunzi wa Iringa hana ugonjwa huo. Yeye umoja na wingi anavijua mno, tena katika kila neno la sentensi, toka jina mpaka kitenzi. Taabu yake iko mahali pengine.

Taabu hiyo huonekana katika madaftari. Mwanafunzi huandika "furnitures", "informations", "advices", "equipments", "luggages", na mwalimu huchora mstari mwekundu, akisema kwamba mtoto hakusoma. Lakini mtoto amesoma, tena amefuata kanuni. Samani zake huchukua viambishi vya wingi, taarifa zake vile vile, vifaa vina wingi, mizigo ina wingi, na ushauri una mashauri. Amebeba hesabu ya Kiswahili akaiweka juu ya jina la Kiingereza. Wala haifai kukisingizia Kiswahili peke yake, maana wingi wa namna hii husikika pia Nigeria, India na Singapore, mahali ambapo hakuna Kiswahili. Hata Wafaransa huhesabu samani zao, habari zao na mashauri yao. Kwa kweli katika majina hayo machache Kiingereza hufuata desturi yake chenyewe, na mwanafunzi angetendewa haki zaidi kama angeambiwa hivyo: kwamba Kiingereza huita samani kwa jina la rundo kwa desturi yake, si kwa sababu viti na meza havihesabiki. Mtoto ambaye kila siku hupanga viti darasani hawezi kuamini kwamba viti havihesabiki. Hukubali kwa ajili ya mtihani tu, na baada ya mtihani husahau.

Sasa Kiswahili. Vitabu kadhaa vimelitafsiri fundisho lile neno kwa neno, vikaunda kundi la majina yasiyohesabika, na mfano wa kwanza wa kundi hilo ni maji. Mfano huo wa kwanza unalipinga kundi lenyewe. Maji yako katika ngeli ya wingi; husemwa maji haya, maji mengi, maji yamejaa. Mafuta, maziwa, mate na machozi yako pamoja nayo. Desturi hii si ya Kiswahili tu, kwani lugha nyingi za Kibantu huweka vitu vya majimaji katika ngeli hiyo, na Wanyakyusa, ambao maji huyaita amisi, huyaweka huko huko. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alitangulia kuziangalia ngeli kwa kufuata wazo lililo chini ya kila moja, na wazo la kitu kilicho chungu nzima alilikuta katika ngeli hii ya MA. Alikuwa karibu sana kulifikia jambo linalojadiliwa hapa. Lakini baada yake waandishi wa vitabu vya shule waliziacha ngeli upande mmoja, wakaweka kuhesabika upande wa pili, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Katika maneno ya kutaja kiasi Kiswahili kina mpango wake. Kwa wingi, neno ni moja: watu wengi, maji mengi, mchele mwingi, subira nyingi. Tofauti ya "many" na "much" haipo kabisa, na mwanafunzi anayeandika "many water" ameongozwa na maji mengi. Vitabu vikifika hapa husema kwamba Kiswahili hakina tofauti hiyo, na huishia hapo. Laiti vingetazama upande wa uchache. Huko tofauti ipo. Husemwa watu wachache, vitabu vichache, siku chache, lakini maji kidogo, mchele kidogo, subira kidogo. Neno -chache hupatana na jina, nalo hupenda vitu vyenye idadi. Kidogo halipatani na jina lolote, hukaa vile vile lilivyo, na hupenda vitu vya rundo. Yeyote atakayelilazimisha kidogo lipatane atapata maana nyingine: mchele kidogo ni mchele usiotosha, na mchele mdogo ni mchele wenye punje ndogo. Ni kweli wako wasemaji ambao husema chakula kichache au mafuta machache, na husikika pia watu kidogo. Mpaka kati ya maneno haya si ukuta. Hata hivyo upo, na mtu aliyelelewa katika lugha hii huuhisi. Liko pia neno haba, la kale zaidi, ambalo hutumika pande zote mbili. Katika methali ya haba na haba hujaza kibaba haijulikani, wala haihitaji kujulikana, kama kinachojaza kibaba ni punje au ni unga.

Upande wa uchache, kwa hiyo, ndio mlango ambao mwalimu wa Kiingereza angeweza kuuingilia. Mwanafunzi anayejua kutenga wachache na kidogo amekwisha kujua kutenga "few" na "little". Hajui tu kwamba anajua.

Yafaa kupita haraka juu ya majina ya U, kwa kuwa habari yake imeelezwa mara nyingi. Nywele ni rundo, unywele ni mmoja uliochomolewa humo. Vile vile kuni na ukuni, shanga na ushanga, nyasi na unyasi. Hapa Kiswahili hutoa kimoja katika rundo kwa kiambishi tu, ilhali Kiingereza hakina budi kuongeza neno zima, kama kilivyo na neno maalumu la kutaja unyasi mmoja. Mahali ambapo kiambishi hakiwezi, Kiswahili nacho huongeza neno: punje ya mchele, tone la maji, chembe ya chumvi. Kwa habari ya mchele, zaidi ya hayo, lugha hii ina mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini, ambapo Kiingereza kina jina moja tu la vyote.

Jambo lililo zito, ambalo sarufi zimelipuuza, ni hili lifuatalo. Mfanyabiashara wa Chimala akiulizwa amenunua mpunga kiasi gani, hujibu: gunia mbili. Akiulizwa ni nini kile kilicholowa mvua nyuma ya gari, hujibu: magunia mawili. Mkulima wa Isimani hupima mahindi debe tatu. Baadaye hulalamika kwamba madebe yake matatu yametoboka. Muuza nyanya wa Ilula hutaja bei ya tenga nne, kisha huagiza matenga manne yashushwe garini. Mwalimu anayesahihisha daftari hufuta gunia mbili na kuandika magunia mawili juu yake, akisema kwamba gunia ni la ngeli ya MA, na idadi yake haina budi kupatana nayo. Kwa hukumu hiyo maneno mawili yenye maana mbili yamefanywa kuwa moja.

Maana, ikitazamwa vema, gunia mbili si wingi wa gunia. Ni kipimo. Jina limevuliwa kiambishi chake cha wingi, na idadi imechukua sura ya ngeli ya N, ile ile ya kilo mbili, lita tatu, tani nne na pishi mbili. Magunia mawili ni vyombo, vyenye matundu na nyuzi na uzito wao. Ya kwanza hujibu swali la kiasi, ya pili hujibu swali la idadi. Ndiyo tofauti ile ile iliyotafutwa katika majina na kukosekana: Kiswahili hakikuitia katika jina la chakula, kimeitia katika upatanisho wa kipimo. Jina la kipimo, tena, huandamana na jina la chakula bila kiungo chochote: mpunga gunia mbili, mahindi debe tatu, maji ndoo nne, ambapo vyombo huhitaji kiungo, magunia mawili ya mpunga. Kiingereza chenyewe kina masalio ya jambo kama hilo, kwani watu husema "six foot" kwa urefu na "ten head" kwa mifugo, na kuliacha jina la kipimo bila alama ya wingi; wala mwalimu hafuti hayo.

Pana pingamizi ambalo halina budi kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba hii si kanuni bali ni ulegevu. Kwamba watu wa bara huzivunja ngeli ovyo, na gunia mbili ni mfano mmoja tu wa uvunjaji huo. Pingamizi hilo lina nguvu, maana ni kweli kwamba katika usemi wa bara ngeli ya N hupenda kuzimeza nyingine. Lakini ulegevu hauchagui. Mama yule yule auzaye kwa debe mbili husema mayai mawili, machungwa matatu, masikio mawili. Wala haisikiki kwake yai mbili wala sikio mbili. Ulegevu ungeviangusha vyote kwa pamoja. Uteuzi huu ndio alama ya kanuni.

Hata hivyo kanuni ina mipaka, na mwenye kuitetea asiifiche. Haifiki katika majina yenye kiambishi dhahiri cha umoja. Hakuna asemaye kikombe mbili wala kibaba tatu. Hubaki vikombe viwili na vibaba vitatu, na mkungu wa ndizi wa Rungwe hubaki mikungu miwili, awe anapima au anahesabu. Inafanya kazi katika majina ya MA ambayo umoja wake hauna kiambishi, kama gunia, debe, tenga na kopo, na mengi katika hayo yaliingia pamoja na biashara ya ng'ambo. Maneno hayo yakiwa uchi huwa na umbo lile lile la maneno ya ngeli ya N, na vipimo vya kale vya biashara, ratili na frasila na pishi, vilikuwa vya N tangu zamani. Si ajabu vipimo vipya vilifuata njia iliyokwisha kulimwa. Yafaa pia kukumbuka kwamba sita, saba, tisa na kumi hazipatani na jina lolote, kwa hiyo gunia kumi huonyesha nusu tu ya jambo. Ushahidi kamili hupatikana katika mbili, tatu, nne, tano na nane.

Jambo hili halikomei ghalani. Katika vibanda vya mama ntilie, vya Mafinga na vya mahali pengine, wateja huagiza wali mbili, ugali tatu. Wali ni wa ngeli ya U, husemwa wali mwingi, wali umeiva, wala hakuna atakayesema wali nyingi kwa wali ulio sufuriani. Lakini unapoagizwa, wali umekuwa sahani, na upatanisho umehama. Mwenye kibanda hakosei hata mara moja: akisikia mwingi huongeza mwiko, akisikia mbili huchukua sahani mbili. Katika vituo vya mabasi vijana huuza maji makubwa na maji madogo, yaani chupa kubwa na chupa ndogo, na abiria hawayachanganyi na maji kidogo. Sarufi isemayo kwamba maji hayahesabiki haina la kusema juu ya mauzo haya yote. Ile isemayo kwamba kuhesabu kwa Kiswahili hukaa katika upatanisho ina la kusema, na huyaeleza kwa kanuni moja.

Kwa mtu ambaye hudhani mambo haya ni mchezo wa wanasarufi, liko suala la lumbesa. Wakulima wa viazi wa Mbeya, Njombe na Iringa wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha hushonewa wavu au kipande cha gunia jingine juu yake, na viazi huongezwa hadi likawa na kichwa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikubali biashara ya namna hii, Wakala wa Vipimo umeipiga vita, na viongozi wengi wamelisemea jambo hilo hadharani. Hata hivyo lumbesa haijakoma.

Wakitazamwa kwa jicho la lugha, mkulima na mnunuzi wamesimama juu ya neno moja lenye pande mbili. Mnunuzi huhesabu magunia: haya hapa mawili, kila mtu ayaone. Mkulima ametoa kiasi, na kwa kiasi hicho ametoa gunia mbili na zaidi, pengine gunia tatu. Kwa Kiswahili cha sokoni sentensi hii ina maana kamili na haijipingi: magunia mawili haya yana gunia tatu za viazi. Kwa Kiswahili cha daftari lililosahihishwa sentensi hiyo haiwezi hata kuandikwa, kwa kuwa pande zote mbili za neno zimelazimishwa kuwa magunia, na itakuwa ni kusema kwamba magunia mawili ni magunia matatu. Ndiyo kusema kwamba mkulima anao usemi wa kuutaja udhulumiwa wake kwa usahihi, nao ni usemi ambao shule ilimfundisha kuuonea aibu. Wakulima wenyewe hawakungoja ruhusa. Huuliza, gunia la debe ngapi? Na jibu, la debe sita au la debe saba, hulitenga gunia lililo chombo na debe lililo kipimo; wala halisikiki gunia la madebe saba.

Haifai kutia chumvi. Lumbesa haikuletwa na sarufi, wala haitaondolewa nayo. Mizani ndiyo itakayoiondoa, kama mizani itafika mashambani, na wakulima wakiwa na nguvu ya kukataa. Lakini mikataba huandikwa kwa maneno, na mkataba usemao magunia mia mbili ya viazi haukusema lolote juu ya kiasi.

Lililobaki ni la wenye kutunga vitabu na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, haikuiga alama za Hornby, na kwa hilo wastahili shukrani waliyoitunga. Badala ya kusema jina lipi huhesabika, huonyesha jina lipi hupatana na nini, na hiyo ndiyo njia ya Kiswahili. Maji yameandikiwa upatanisho wa ya- peke yake, na msomaji hujua mara moja kwamba umoja haupo. Kosa ni kwamba vitabu vya shule havikuifuata kamusi, vikarudi kwenye orodha ya vitu visivyohesabika, orodha isiyomsaidia mwanafunzi katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Na kamusi nayo haikufika mwisho wa njia yake. Gunia, debe, tenga na kopo zina upatanisho wa li- na ya- zikiwa vyombo. Zikiwa vipimo, watu wa Chimala na Isimani na Ilula huzipa upatanisho wa i- na zi-. Maana hiyo ya pili yadai mstari wake, wenye alama yake na mfano wake: mpunga gunia mbili zimeuzwa.